Ng'ombe Anapompanda Mwenzake
Hotuba kwa maofisa ugani, wafugaji na wanafunzi, Dodoma

Mbukwenyi!

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wafugaji mliotoka Bahi, Chamwino na Kongwa, maofisa ugani, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa chuo mliokimbilia viti vya nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Waandaaji waliponipigia simu walizunguka sana kabla ya kufika. "Mwalimu, tungependa uzungumzie ile tabia ya wanyama... ile, unajua... madume kwa madume..." Nikawaambia nimeelewa, nitakuja, na nitaitaja bila kuificha. Mada yetu ni wanyama wa jinsia moja wanaopandana, na swali ambalo wataalamu wa mageuko ya viumbe wamehangaika nalo miaka mingi: tabia isiyozaa mtoto imewezaje kudumu vizazi na vizazi?

Nitaanzia zizini, kwa sababu huko hakuna mtu wa Dodoma atakayejifanya mgeni.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayetegemea uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila fahali, ana kazi moja ya alfajiri kabla hajashika ndoo. Anasimama kwenye lango la zizi na kuangalia tu. Anamtafuta ng'ombe anayetulia wakati mwenzake anampanda. Wengine wakipandwa hukimbia, hugeuka, hutisha kwa pembe. Huyu mmoja anasimama palepale, mgongo ameulegeza, mkia ameupeleka pembeni, na ute mwepesi unaovutika unamtoka nyuma. Huyo yuko kwenye joto, yaani yuko tayari kupandwa na kushika mimba. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukimwona jioni, aje kesho asubuhi. Mbegu zilizotoka kituo cha Usa River kule Arusha, zimekaa kwenye mtungi wa naitrojeni, zinasubiri ishara hiyo. Wapo wanaopaka rangi juu ya shina la mkia wakati wa kulala; kukicha rangi ikiwa imesuguliwa yote, wanajua usiku kulikuwa na kazi. Na kwa zebu wetu hili ni gumu zaidi, maana joto lake ni fupi, la kimya, na mara nyingi huja gizani. Pale Mpwapwa, ambako ng'ombe aina ya Mpwapwa alitengenezwa kwa kuchanganya damu ya zebu wetu, Boran, Sahiwal, Sindhi Mwekundu na Ayrshire, kazi kama hiyo isingewezekana bila watu wenye jicho la kujua nani ameingia joto na lini.

Sasa niwaulize. Huyo aliyempanda mwenzake alfajiri ni nani? Fahali hayupo, au amefungwa. Aliyempanda ni jike. Wazee hapa mmeliona hilo tangu utoto, maofisa ugani mmelifundisha darasani, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao cha ukoo kwa ajili yake.

Mwaka 1976 Geoffrey Parker, mmoja wa wataalamu wakubwa wa tabia za wanyama Uingereza, aliandika pamoja na mwenzake maelezo ya kwa nini majike hufanya hivi. Wazo lao ni kwamba jike anapompanda jike mwenzake kwenye uwanda wa wazi, mwili mmoja unainuka juu ya kundi zima, na fahali aliye mbali anaona. Utasema: mbona amsaidie mshindani wake kupata fahali? Jibu lao ni kwamba anayepanda naye mara nyingi yuko karibu na joto lake, kwa hiyo fahali akija anawakuta wawili. Mimi naona maelezo hayo yanafaa sana kwa ng'ombe. Yahamishie kwa ndege wa baharini au kwa mdudu ndani ya gunia la kunde, na hayana maana yoyote. Hilo ndilo neno nililokuja kulisema leo. Tumechukua mambo mengi yenye mizizi mbalimbali, tukayatia kwenye kapu moja kwa sababu kwa macho yanafanana, halafu tunashangaa kwa nini hatupati jibu moja.

Kuhusu uteuzi asilia sitachukua muda, vijana mnaujua. Kinachomwezesha mnyama kuacha watoto wengi zaidi huenea, kinachompunguzia watoto hufifia. Kwa hesabu hiyo, dume anayetumia muda na nguvu juu ya dume mwenzake anapoteza. Ndiyo maana ikaitwa kitendawili. Lakini sehemu kubwa ya kitendawili hicho inayeyuka ukiuliza swali ambalo mchungaji yeyote angeuliza kwanza: huyo mnyama, kwani hazai?

Mara nyingi anazaa. Katika kisiwa cha Cayo Santiago, karibu na Puerto Rico, kuna tumbili wa aina ya rhesus wanaoishi huru na ambao wamefuatiliwa kwa makini kwa miongo mingi, ukoo kwa ukoo. Mwaka 2023 watafiti wa Imperial College ya London walitoa matokeo ya madume 236. Asilimia 72 walionekana wakipanda madume wenzao. Waliopanda majike walikuwa asilimia 46. Na wale waliopandana na madume hawakuonekana kupungukiwa watoto. Zaidi ya hapo, madume waliopandana walikuwa wepesi kusimama pamoja ugomvi ukizuka. Kwa kuwa nasaba zao zinajulikana, watafiti waliweza kupima pia kiasi gani cha tabia hiyo kinarithiwa: kama asilimia 6 tu ya tofauti kati ya dume na dume. Ni kidogo, lakini si sifuri, na uteuzi asilia hauhitaji zaidi ya hapo ili upate pa kushika.

Jambo hili si jipya, na halikugunduliwa na wazungu wa juzi. Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 9, aliwanukuu wafugaji wa njiwa waliomsimulia madume wanaopanda madume na majike wanaopanda majike, na akayaandika bila kutetemeka. Walioanza kutetemeka ni wa baadaye.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa daktari George Murray Levick. Alikuwa na msafara wa Waingereza waliokwenda Antaktika mwaka 1910 na meli ya Terra Nova, na alikaa msimu mzima wa kuzaliana kati ya pengwini wa Adélie huko Cape Adare. Aliona madume wakipanda madume. Aliona vijana wasio na uzoefu wakijaribu kupanda hata mizoga ya majike waliokufa mwaka uliotangulia. Ilimshtua kiasi kwamba baadhi ya maelezo aliyaandika kwenye daftari kwa herufi za Kigiriki, yasije yakasomwa na kila mtu. Aliporudi, sehemu hiyo iliondolewa kwenye taarifa rasmi, ikachapwa peke yake nakala 100, na juu yake pakaandikwa kwamba si ya kutangazwa. Wasomi wengi hawakujua kama ipo hadi ilipochapishwa tena mwaka 2012. Karibu miaka 100! Na wakati huo wote vitabu viliendelea kumsifu pengwini kwa heshima na ndoa njema.

Msimcheke Levick. Mwaka 2024 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwauliza wataalamu 65 wanaoshinda porini na wanyama wa jamii ya mamalia kama wamewahi kuona tabia hii kwa wanyama wao. Zaidi ya robo tatu walisema ndiyo. Waliokwenda mbali hadi kuitangaza katika maandishi hawakufika hata mmoja kati ya watano. Wengi walidhani ni jambo la nadra mno, la bahati tu. Kila mmoja peke yake na daftari lake, anadhani kaona maajabu. Leo orodha ya spishi ambazo tabia hii imeandikwa imezidi 1,500, na ukikumbuka wangapi wameona wakanyamaza, mimi naichukua namba hiyo kama ya chini.

Twendeni sasa baharini, Hawaii, kwenye kisiwa cha Oahu, mahali paitwapo Kaena Point. Hapo anazalia ndege aitwaye albatrosi wa Laysan. Ni ndege mkubwa, mweupe kifuani, mbawa zake zikitandazwa zinafika mita mbili. Hutaga yai moja tu kwa mwaka. Yai hilo hulaliwa kwa miezi miwili na zaidi kidogo, kwa zamu: mmoja yuko kwenye kiota, mwingine yuko mbali baharini anatafuta chakula. Ndege mmoja peke yake hawezi. Akiondoka kwenda kula yai linapoa au linaliwa, akibaki anakufa njaa. Dume na jike wanafanana, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Basi kwa miaka mingi watu walipoona ndege wawili kwenye kiota, wanacheza ngoma yao ya kugonganisha midomo, wanachambuana manyoya ya shingo, waliandika tu: dume na jike.

Kilichowatatiza ni mayai. Kuna viota vilivyokutwa na mayai mawili, na jike mmoja hawezi kutaga mawili. Lindsay Young na wenzake wakaamua kupima vinasaba. Mwaka 2008 wakatangaza kwamba kati ya jozi za pale, asilimia 31 zilikuwa za jike na jike. Sababu haikuwa ya mafumbo: katika kundi hilo jipya majike walikuwa asilimia 59, madume hawatoshi. Jike aliyekosa mwenzi wa kudumu alipata mbegu kwa dume wa kiota kingine, kisha akalea na jike mwenzake. Kati ya mayai mawili wanaweza kulalia moja tu, kwa hiyo kila mwaka angalau mmoja wao anapoteza. Walifanikiwa kukuza vifaranga wachache kuliko jozi za dume na jike. Lakini linganisha na jike aliyebaki peke yake: yeye alikuwa na sifuri.

Naomba mlitazame hilo vizuri, maofisa ugani, kwa sababu ni somo la kazi yenu. Hakuna aliyekuwa amewaficha watu wale kitu. Ndege walikuwa mbele yao, mchana kweupe. Waliandika "dume na jike" kwa sababu ndivyo walivyotegemea iwe.

Huko California nako, katika kisiwa cha Santa Barbara, George Hunt na mkewe Molly waliandika mwaka 1977 kuhusu shakwe waliokuwa na jambo hilohilo: viota vyenye mayai manne hadi sita badala ya matatu, na jike wawili juu yake. Baadaye ikaonekana kwamba dawa ya kuua wadudu ya DDT iliyokuwa imejaa baharini huharibu viinitete vya shakwe wa kiume. Madume yakapungua. Kwa hiyo hata sumu ya kiwandani inaweza kuwa sehemu ya maelezo.

Sasa nyani. Hapa wenye mashamba ya mahindi pembeni ya milima mtaniambia hamna hamu ya kumsikia. Nivumilieni. Mtafiti Barbara Smuts na mwenzake John Watanabe waliwafuatilia nyani madume huko Gilgil, Kenya, na mwaka 1990 wakaeleza namna madume wanavyosalimiana. Dume mmoja anamwendea mwingine kwa mwendo wa haraka wenye mikogo, anachapachapa midomo, anamtazama usoni, masikio yamelala nyuma. Wakikubaliana, mmoja anageuza makalio. Mwenzake anamshika kiuno, au anampanda, au anamshika korodani na kuzivuta taratibu. Sekunde chache, kila mtu anaenda zake. Salamu nyingi huvunjika katikati, mmoja anaghairi na kuondoka.

Fikirini meno ya nyani dume, jinsi yalivyo marefu. Halafu fikirini kumpa mwenye meno hayo korodani zako azishike. Hiyo ni amana kubwa. Kati ya madume wote walikuwapo wawili wenye umri, waliopewa majina Alexander na Boz, ambao salamu zao zilikwenda kwa zamu sawasawa, leo wewe kesho mimi. Na hao wawili ndio walioungana mara kwa mara kuwanyang'anya vijana wenye nguvu majike waliokuwa nao. Kila mmoja peke yake asingemweza kijana. Kwa hiyo salamu ile isiyozaa mtoto ilikuwa njia ya kumpata jike wa kuzaa naye.

Bonobo wa Kongo wamesemwa sana, sitakaa nao. Majike wao hukumbatiana na kusuguana sehemu za siri, hasa wakikutana na mti wenye matunda mengi, kisha wanakula kwa amani. Katika msitu wa LuiKotale watafiti walipima mkojo wao na kukuta kwamba baada ya tendo hilo homoni ya oksitosini hupanda, ileile inayofanya kazi mama anaponyonyesha. Majike wa bonobo hawazaliwi pamoja. Kila mmoja amehama kwao akiwa kijana na kuja kuishi na wageni. Ushirika wao lazima ujengwe, na hivi ndivyo wanavyoujenga.

Mzee mmoja wa Bahi amenivuta pembeni tulipokuwa tunakunywa chai. Ana beberu aliyemnunua mnadani Msalato, mzuri, mwenye kifua, lakini kila siku yuko mgongoni kwa mabeberu wenzake. "Mwalimu, huyu nimchinje?" Nimemwomba ruhusa nijibu mbele yenu, kwa sababu jibu lake limefanyiwa utafiti mzuri, ingawa kwa kondoo.

Huko Dubois, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kondoo. Walikuwa na shida ileile ya mzee wetu: kondoo dume wa gharama kubwa wanaoletwa kwa majike wakakataa kazi. Wakawapima. Kondoo dume anawekwa mbele ya majike wawili walio joto na madume wawili, wote wamefungwa wasiweze kuondoka, naye anaachwa achague, mara nyingi, siku tofauti. Kama asilimia 8 walichagua madume kila mara. Hao hawakukosa majike, na hawakuwa wakisalimiana. Walikuwa na hamu yote ya dume, ila imeelekea kwingine.

Charles Roselli wa Oregon akatazama bongo zao. Kuna fundo dogo la seli katika sehemu ya chini ya ubongo ambalo kwa kondoo dume anayependa majike ni kubwa kuliko la jike. Kwa dume anayechagua madume, fundo hilo lilikuwa na ukubwa unaokaribia wa jike. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2004. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba fundo hilo hujengwa mwanakondoo akiwa bado tumboni, chini ya homoni ya testosteroni. Kwa hiyo si jambo la kuiga wenzake malishoni, wala la kuharibiwa na mchungaji. Lakini pia angalieni: katika mifano yote niliyotoa leo, huyu kondoo ndiye pekee anayechagua jinsia yake kwa kudumu hata majike wakiwa wamejaa mbele yake. Mnyama wa namna hiyo ni nadra. Nyani, tumbili na bonobo wanafanya huku na huku.

Sasa beberu wa mzee. Kabla ya kisu, niulize. Ana umri gani? Analala zizi moja na nani? Madume vijana waliokua pamoja bila majike hupandana sana. Ni nguvu zisizo na pa kwenda, na ni kupimana nani mkubwa. Kwenye mazizi makubwa ya kunenepesha ng'ombe huko Marekani kuna maksai wachache katika kila mia ambao wenzao huwapanda mfululizo hadi wanaumia mgongo na kukonda, na msongamano na homoni wanazopewa wanyama huchochea hali hiyo. Ninyi mnaoanza kunenepesha kule Kongwa mjue hilo: mwenye kupandwa atolewe haraka, asiachwe afe kwa ajili ya aibu ya mwenye zizi. Kwa beberu, mtenge na wenzake wiki mbili, kisha mpeleke kwa jike aliye joto, wawe wawili tu, kaa kivulini uangalie. Rudia siku nyingine na jike mwingine. Akifanya kazi, mwache aendelee, na anayofanya mapumzikoni hayakuhusu. Asipofanya, mrudishe Msalato siku ya Jumamosi. Nyama yake haina kasoro.

Kuhusu wadudu na ngisi nitapita haraka, ingawa wenzangu wa maabara wangenipiga. Kwa mdudu au ngisi dume, mara nyingi ni suala la kutochagua sana. Ngisi mmoja wa kina kirefu, Octopoteuthis deletron, anaishi gizani mita 400 hadi 800 chini ya bahari pwani ya California. Kamera zilionyesha kwamba madume waliobandikwa mifuko ya mbegu na madume wenzao walikuwa karibu sawa kwa idadi na majike. Gizani huko, kukutana na mwenzako ni bahati ya nadra, na maisha ni mafupi. Anayesimama kuhakikisha hupitwa. Kumwaga mbegu chache bure ni hasara ndogo kuliko kumwacha jike mmoja apite.

Mdudu anayebungua kunde zenu ghalani ana habari nyingine kabisa. Huko Uppsala, Sweden, David Berger na wenzake waliwazalisha wadudu hao kwa kuchagua, vizazi kadhaa, wale wanaopanda zaidi jinsia yao. Matokeo yao ya mwaka 2016 yanashangaza: walipochagua jinsia moja kwa tabia hiyo, ndugu zao wa jinsia ya pili waliongeza uzazi. Maana yake ni kwamba jeni zilezile zinazomfanya kaka apoteze muda zinaweza kumfaa dada. Anachokosa huyu, ukoo unakipata kwa yule, na jeni hazitoki ghalani.

Mwaka 2019 vijana wasomi watano wakiongozwa na Julia Monk walitoa hoja ambayo kwangu mimi ndiyo iliyosafisha hewa. Walisema tumelianza swali upande usio wake. Tumechukulia kwamba mnyama wa mwanzo kabisa aliyezaliana kwa dume na jike alijua kuwatofautisha, kisha tunauliza tabia ya jinsia moja iliingia lini. Lakini kumtambua jike kunahitaji vifaa: harufu, rangi, sauti, na ubongo wa kuvisoma. Vifaa hivyo havikuwapo siku ya kwanza. Inaelekea zaidi kwamba viumbe wa mwanzo walijaribu kwa yeyote, na kuchagua kukaja baadaye, pale tu ambapo kukosea kuligharimu sana. Pasipo gharama, tabia ya zamani ilibaki. Kwa hiyo huhitaji kuieleza mara 1,500. Unahitaji kueleza mahali ilipopotea.

Mimi nakubaliana nao kwa ngisi na kwa wadudu. Kwa mamalia sina hakika wamemaliza kazi. Mwaka 2023 watafiti wa Hispania, José María Gómez na wenzake, walikusanya kumbukumbu za spishi 261 za mamalia, kama asilimia 4 ya wote, wakazipanga juu ya mti wa nasaba. Walichokiona ni tabia iliyojitokeza, ikapotea, ikajitokeza tena mara nyingi, na zaidi kwa wanyama wanaoishi kwa makundi. Kwa upande wa madume, ilionekana zaidi kwa spishi ambazo madume wakubwa huuana. Hilo linafanana sana na habari ya Alexander na Boz. Upungufu wake ni ule wa Levick: spishi ambayo haijaandikwa inahesabiwa kama haina.

Naona kijana wa tatu kutoka dirishani ameinua mkono tangu nilipotaja kondoo, na najua anachotaka kuuliza. Kwa binadamu je?

Nitajibu kwa kadiri ya fani yangu. Mwaka 2017 simba wawili dume walipigwa picha Maasai Mara wakipandana, na ofisa mmoja wa serikali ya Kenya akasema wanahitaji ushauri nasaha. Tulicheka wote, lakini yule bwana alikuwa anafanya jambo ambalo wengi tunalifanya: kumgeuza mnyama kuwa shahidi wa kesi yetu. Simba dume akilitwaa kundi huua watoto wa mwenzake. Hakuna wakili aliyesimama mahakamani hapa Dodoma na kusema mteja wake aachiwe kwa kuwa simba naye hufanya hivyo. Anayesema "hata wanyama wanafanya, basi ni sawa" na anayesema "hata wanyama hawafanyi, basi ni kosa" wanasafiri na basi moja. Mambo ya sheria, dini na utu wa watu yana mahali pake pa kujadiliwa, kwa hoja zake. Ninachoweza kusema kama mtu wa mifugo ni kwamba ile sentensi ya pili ina uongo ndani yake. Wanyama wanafanya. Anayetaka kujenga hoja yake atafute msingi mwingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nichukue swali moja.

[Swali kutoka kwa ofisa ugani wa kata: Mwalimu, nina ng'ombe wa mfugaji mmoja, anawapanda wenzake kila siku, wiki ya tatu sasa. Amehimilishwa mara mbili hajashika. Hiyo nayo ni ile tabia?]

Asante dada yangu, umeuliza la maana kuliko yote niliyosema. Hapana. Joto la kawaida halizidi siku moja, na hurudi baada ya siku 21 hivi. Ng'ombe anayewapanda wenzake wiki tatu mfululizo, hasa kama ameanza kunguruma kama fahali na shingo inanenepa, mara nyingi ana uvimbe wa maji kwenye ovari. Acheni kumhimilisha, mnamaliza mbegu za watu. Mwite daktari wa mifugo ampime kwa mkono au kwa mashine ya altrasaundi, kisha ndiyo atoe homoni. Akija akachoma sindano bila kumpima, mwambie asubiri kwanza. Na hiyo wiki ya tatu uliyoitaja, umeiandika kwenye daftari lako, au umeibeba kichwani?